Malinowski: Msomi aliyewatoa watafiti barazani, akawapeleka kijijini

WANAFUNZI wa shahada ya kwanza wanaoanza kusoma mbinu za utafiti wa uwandani katika sosholojia au anthropolojia, wawe Dar es Salaam, Nairobi au London, hawachukui muda mrefu kabla ya kukutana na jina la Bronislaw Malinowski.

Huyo ndiye anayetajwa pale mhadhiri anapotaka kueleza kwa nini mtafiti hapaswi kuingia kijijini kwa siku mbili akiwa na hojaji mkononi, kisha akarudi mjini na kuandika kwamba amewajua wenyeji. Kwa Malinowski, kuwajua watu kulimaanisha kukaa nao, kujifunza lugha yao, kula panapoliwa na kuwapo wakati wa ugomvi, wa msiba na wa mavuno.

Kanuni hiyo leo inaonekana kama jambo la kawaida. Miaka mia moja na kitu iliyopita haikuwa hivyo, na mtu aliyeipa nguvu hakuwa na moyo mwepesi kama vitabu vyake vinavyomwonyesha.

Malinowski alizaliwa Aprili 7, 1884 katika mji wa Krakow, ambao leo uko Poland lakini wakati ule ulikuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungary. Baba yake, Lucjan, alikuwa profesa wa lugha za Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Jagiellonia na alipenda kuchunguza lahaja na hadithi za watu wa Silesia. Alifariki dunia mwaka 1898, mwanawe akiwa bado mvulana.

Malezi yakabaki mikononi mwa mama, Jozefa. Kijana huyo alikuwa na afya dhaifu na macho yaliyomsumbua mno, kiasi kwamba kuna kipindi mama yake alilazimika kumsomea vitabu kwa sauti ili asiachwe nyuma na wenzake. Kwa ajili ya afya hiyohiyo, mama na mwana walisafiri pamoja katika nchi za Mediterania na visiwa vya Canary.

Hakuanza na anthropolojia. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 24, alitunukiwa shahada ya uzamivu katika falsafa kwa heshima ya juu kabisa iliyotolewa kwa jina la mfalme wa Austria. Kutoka hapo alikwenda Leipzig, Ujerumani, na mwaka 1910 akahamia London kusoma katika Chuo cha Uchumi na Sayansi ya Siasa, maarufu kwa kifupi cha LSE.

Kilichomvuta kwenye elimu hiyo mpya ni maandishi ya James Frazer, msomi wa Uingereza aliyekuwa amekusanya mila, matambiko na imani za mataifa mengi katika kitabu chake The Golden Bough. Frazer aliandika yote hayo akiwa katika chumba chake cha kusomea. Habari zilimfikia kwa njia ya vitabu na barua kutoka kwa wamisionari, wasafiri na maofisa wa makoloni.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa wengi. Ofisa wa kikoloni aliketi barazani kwake, akaitisha wazee wawili watatu, akauliza maswali kupitia kwa mkalimani na kuyaandika majibu. Majibu hayo yakavuka bahari na kuwa nadharia.

Ni haki kusema kwamba Malinowski hakuwa wa kwanza kuuasi utaratibu huo, ingawa wapo wanaomsifu kana kwamba alikuwa peke yake. Mmarekani Frank Cushing aliishi miaka kadhaa miongoni mwa Wazuni kuanzia mwaka 1879. Franz Boas alikwenda kwa Wainuiti wa kisiwa cha Baffin mwaka 1883. Mwaka 1898 wasomi wa Cambridge, akiwamo Charles Seligman ambaye baadaye alimfundisha Malinowski, walisafiri hadi visiwa vya mlango wa bahari wa Torres. Alichofanya Malinowski ni kukaa muda mrefu, kisha kueleza hatua kwa hatua namna alivyokaa, ili mwingine aweze kufanya vivyo hivyo.

Nafasi hiyo aliipata kwa ajali ya historia. Mwaka 1914 alisafiri kwenda Australia kuhudhuria mkutano wa wanasayansi wa Uingereza. Akiwa safarini, Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka. Kwa kuwa alikuwa raia wa Austria, ghafla akahesabiwa kuwa mtu wa upande wa adui katika nchi ya himaya ya Uingereza.

Simulizi inayopendwa vyuoni husema kwamba alifungwa kisiwani hadi vita vilipokwisha. Si kweli. Serikali ya Australia ilimruhusu kuendelea na utafiti katika eneo la Papua, lililokuwa chini yake, na hata ikamchangia fedha.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa Mailu, katika pwani ya kusini ya Papua, ambako alikaa kuanzia Septemba 1914 hadi mapema 1915. Huko hakujua lugha ya wenyeji na alimtegemea mmisionari kwa makazi. Katika ripoti yake alikiri kwamba siku alizoishi peke yake na wenyeji zilimpa habari nyingi na nzuri kuliko siku alizokaa karibu na Wazungu wenzake. Mtu anaweza kusema kwamba mbinu yote ilizaliwa katika sentensi hizo chache za ripoti ambayo leo haisomwi na wengi.

Juni 1915 alifika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Papua New Guinea. Alikaa hadi Mei 1916, akarejea Australia, kisha akarudi tena kuanzia Oktoba 1917 hadi Oktoba 1918. Kwa jumla alikaa huko karibu miaka miwili.

Alipiga hema lake katikati ya kijiji cha Omarakana, makao ya chifu To'uluwa, hatua chache kutoka kwenye nyumba za watu. Asubuhi alipotoka nje aliwaona wanawake wakipika, wanaume wakijiandaa kwenda shamba, watoto wakilia. Hakuna aliyemwita kuja kutazama. Alikuwa tayari yupo.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Watu walimkwepa au walimpa majibu ya kumridhisha tu. Akaamua kuanza na kazi isiyohitaji maneno mengi: alihesabu watu kaya kwa kaya, akaandika nasaba, akachora ramani ya kijiji na kupima mashamba ya viazi vikuu. Kazi hiyo ikampa majina, majina yakampa mazungumzo, na baada ya miezi kadhaa aliweza kufuata maongezi bila mkalimani.

Wenyeji nao wakamzoea. Yeye mwenyewe aliandika bila haya kwamba walimwona kama kero isiyoepukika, kero ambayo angalau iligawa tumbaku.

Hapo ndipo lilipo somo ambalo wahadhiri hulisisitiza kwa wanafunzi wanaotoka kwa mara ya kwanza. Malinowski alitenganisha aina tatu za maarifa. Kuna yale yanayohesabika na kuchorwa, kama nasaba, ramani na majedwali. Kuna yale yasiyopatikana kwa kuuliza, kama vile sauti ya mtu anapomjibu mkwewe, au nani anaketi karibu na nani kwenye karamu. Haya huandikwa kila siku kwenye daftari kabla macho hayajayazoea na kuyapuuza. Na kuna maneno yenyewe ya wenyeji, yaani hadithi, maombi na semi, ambayo lazima yanakiliwe kwa lugha yao.

Mfano maarufu ni mfumo wa kubadilishana unaoitwa kula, jina ambalo halina uhusiano wowote na kitenzi cha Kiswahili. Wanaume wa visiwa hivyo walivuka bahari kwa mitumbwi yenye mrengu, jamaa ya ngalawa za pwani ya Afrika Mashariki, wakipeleka mikufu ya makombe mekundu kwa washirika wao na kupokea bangili za kombe jeupe. Mikufu ilizunguka visiwa kwa mwelekeo mmoja na bangili kwa mwelekeo mwingine, mwaka hadi mwaka.

Vitu hivyo havikuwa na matumizi makubwa na mtu hakuruhusiwa kukaa navyo daima. Vilikuwa heshima inayosafiri. Mtu akiwa na mkufu wenye jina kubwa, jina lake pia hukua, hadi atakapoupitisha kwa mshirika wa kisiwa kingine.

Kila mshiriki aliwajua washirika wake na sheria zinazomhusu. Lakini, kwa mujibu wa Malinowski, hakuwapo mtu hata mmoja aliyeweza kueleza mzunguko mzima. Mtafiti mwenye hojaji angeuliza hadi jua lizame bila kuupata. Ulipatikana kwa kuunganisha safari, majina, mizozo na maneno ya uganga yaliyosikiwa katika miezi mingi.

Vivyo hivyo aligundua kwamba wavuvi wa ndani ya wangwa, ambako samaki hupatikana kwa uhakika, hawakutumia uganga, ilhali wavuvi wa bahari kuu yenye hatari walikuwa na matambiko mengi. Jambo hilo dogo lilitosha kuwatikisa waliodai kwamba watu hao hawana akili ya kutofautisha kazi na uchawi.

Katikati ya mafanikio hayo alikuwa mtu mpweke. Mama yake alifariki dunia Poland mwanzoni mwa mwaka 1918, lakini kwa sababu ya vita, habari zilimfikia visiwani miezi kadhaa baadaye. Mwaka 1919 alimwoa Elsie Masson, muuguzi wa Melbourne na binti wa profesa wa kemia, ambaye barua zake zilikuwa zimemfariji alipokuwa kisiwani. Walijaliwa mabinti watatu.

Kitabu chake kikuu, Argonauts of the Western Pacific, kilitoka mwaka 1922. Dibaji iliandikwa na Frazer yuleyule wa chumba cha kusomea. Utangulizi wake, unaoeleza namna ya kufanya kazi uwandani, ndio ambao hadi leo hukabidhiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata wale ambao hawatasoma sura nyingine yoyote ya kitabu hicho.

Mwaka 1927 alipewa uprofesa wa anthropolojia LSE, na mwaka 1931 akapata uraia wa Uingereza. Semina yake ikawa kitovu cha elimu hiyo. Hakupenda kuhutubia. Mwanafunzi alisoma alichoandika, naye akamkatiza kila mara, akimtaka aeleze alikiona wapi, kwa nani na kilifanya kazi gani. Walipita hapo Raymond Firth, E. E. Evans-Pritchard, Audrey Richards, Meyer Fortes, Monica Wilson na Mchina Fei Xiaotong. Wanawake walikuwa wengi kuliko ilivyokuwa kawaida ya vyuo vya zama hizo.

Kwa njia ya wanafunzi hao, mbinu ya Omarakana ilifika Afrika Mashariki. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa kusini magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1930. Günter Wagner alifanya kazi magharibi mwa Kenya. Mwaka 1934 Malinowski mwenyewe alizuru kusini na mashariki mwa bara hili, akafika hadi kwa Wachaga wa Kilimanjaro na Wamaragoli wa Kenya.

Ziara hizo hazikuwa na harufu ya usomi peke yake. Malinowski aliwaomba wafadhili, hasa mfuko wa Rockefeller wa Marekani, fedha za utafiti wa Afrika kwa hoja kwamba elimu yake ingezisaidia serikali za kikoloni kutawala kwa busara zaidi. Wakosoaji wa baadaye hawakumsamehe kwa hilo, na ni vigumu kusema kwamba wanamwonea.

Lakini katika chumba hichohicho cha semina alikuwapo Mkenya ambaye alikuwa na shughuli nyingine kabisa. Jomo Kenyatta alikuwa ametumwa London mwaka 1929 na chama cha Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirudi tena Uingereza mwaka 1931, na katikati ya miaka ya 1930 akajiunga na darasa la Malinowski.

Hali ilikuwa mbaya nyumbani. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1932 na 1934, ilikuwa imethibitisha nyanda za juu kuwa za walowezi. Wakikuyu walitakiwa kueleza umiliki wao kwa lugha ambayo watawala wangeikubali.

Kenyatta aliipata lugha hiyo katika semina. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa Malinowski, kimepangwa kama taarifa ya uwandani: ukoo na nasaba, umiliki wa ardhi, uchumi, jando, dini, utawala. Tofauti ni kwamba mtafiti alikuwa mwenyeji. Pale Malinowski alipohitaji hema ili asogee karibu na kijiji, Kenyatta alijitambulisha kama mtu aliyezaliwa ndani yake na kupitia hatua zake zote.

Sura ya ardhi ndiyo iliyokuwa na moto. Ilionyesha kwamba ardhi ya Mkikuyu haikuwa mali ya kila mtu wala haikuwa pori lisilo na mwenyewe, bali ilikuwa na wenye haki wanaojulikana kwa nasaba, mipaka na taratibu za kuwapokea wapangaji. Kwa maneno mengine, zana iliyouzwa kwa watawala kama msaada wa kutawala iligeuzwa kuwa hati ya madai dhidi yao.

Malinowski hakumfungia mlango. Alikosoa baadhi ya istilahi za Kizungu ambazo mwanafunzi wake alizitumia kueleza mambo ya Kikuyu, lakini alikikubali kitabu kama kazi halali ya kisayansi, wakati ambapo wengi walidhani Mwafrika anaweza kuwa mtoa habari tu. Kenyatta akawa Waziri Mkuu wa Kenya mwaka 1963 na Rais mwaka 1964.

Kitabu hicho pia kinaonyesha udhaifu wa mwalimu. Nadharia ya Malinowski, ambayo wanataaluma wa Kiswahili huiita uamilifu, ilishikilia kwamba kila mila ina kazi yake katika kuishikilia jamii nzima. Kenyatta aliitumia hoja hiyo kutetea ukeketaji wa wasichana, suala lililozua mzozo mkali na wamisionari mwaka 1929. Nadharia haikumpa msomaji njia ya kuuliza ni nani anayelipa gharama ya mila inayosifiwa. Kenya ilipitisha sheria kamili ya kuupiga marufuku mwaka 2011.

Elsie, aliyekuwa ameugua kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1935. Mwaka 1938 Malinowski alikwenda Marekani kwa mapumziko ya kikazi, vita vya pili vikamkuta huko, akabaki kufundisha Chuo Kikuu cha Yale. Alimwoa mchoraji Valetta Swann mwaka 1940. Hata uzeeni hakuacha uwanda: katika miaka ya 1940 na 1941 alichunguza masoko ya wakulima huko Oaxaca, Mexico, pamoja na Julio de la Fuente. Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mjini New Haven Mei 16, 1942, akiwa na umri wa miaka 58.

Jina lake lingeweza kutulia hapo. Lakini mwaka 1967, kwa idhini ya mjane wake, ilichapishwa shajara ya siri aliyoiandika kwa Kipolandi akiwa Papua na Trobriand. Wanafunzi wake wa zamani walishtuka.

Mtu aliyefundisha ulimwengu kuona mambo kwa macho ya mwenyeji alikuwa akiandika usiku maneno ya dharau na chuki dhidi ya wenyeji haohao. Alilalamikia afya yake, aliwatamani wanawake, alijifungia hemani kusoma riwaya ili asisikie kijiji. Ilidhihirika pia kwamba hakujitenga na Wazungu kwa kiasi alichodai kitabuni, kwani mara kwa mara alikimbilia kwa wafanyabiashara wa lulu.

Wapo waliosema shajara imemvunja. Mmarekani Clifford Geertz, katika makala ya mwaka 1974, aliliona jambo hilo kwa namna nyingine: kama mtu mwenye moyo wa namna ile aliweza kuandika vitabu vile, basi kuelewa watu hakutokani na karama ya huruma, bali na kazi ya kusikiliza na kuandika kwa uangalifu kile wanachosema na kufanya. Tangu hapo, vyuo vingi humpa mwanafunzi utangulizi wa mwaka 1922 na kurasa za shajara kwa pamoja, kisha humwagiza awe na madaftari mawili, moja la alichokiona na jingine la namna alivyojisikia alipokiona.

Kasoro nyingine iligunduliwa kisiwani kwenyewe. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani Annette Weiner alikwenda kuishi katika kijiji kisicho mbali na Omarakana. Mapema kabisa wanawake walimchukua kwenye shughuli ya matanga, na huko akawaona wakigawiana mafungu maelfu kwa maelfu ya majani makavu ya migomba na sketi walizozitengeneza wenyewe.

Huo ulikuwa utajiri wao, na wanaume walilazimika kutoa mali zao ili kuwasaidia wake zao kuupata. Malinowski alikuwa amekaa karibu miaka miwili hatua chache kutoka kwenye shughuli za namna hiyo, akapiga picha zaidi ya 1,000, akajaza madaftari kwa madaftari kuhusu mikufu na bangili za wanaume, na majani hayo hakuyahesabu. Kitabu cha Weiner kilitoka mwaka 1976, nacho kiliandikwa kwa mbinu ileile: kijiji, lugha, nasaba na daftari la kila siku.